Hati ya mashtaka iko posta, mtuhumiwa yuko ofisini: uchambuzi wa rufaa moja ya nidhamu

Kabla ya kisa chenyewe

Kisa hiki ni cha mtumishi wa Sekretarieti ya Mkoa mmoja wa Tanzania Bara aliyefukuzwa kazi kwa utoro, akakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Wakati huo nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi mahali pale, na rufaa tuliiandika pamoja. Ameniruhusu kukisimulia. Mkoa nimeuficha, jina nimelibadilisha na tarehe nimezisogeza. Idadi ya siku kati ya tukio na tukio sikuigusa, kwa sababu kisa chote kimesimama juu ya siku hizo.

Mambo haya yalitokea Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2003 zikiwa bado zinatumika. Mwaka 2022 zilitoka nyingine, kwa hiyo anayetaka kunukuu kanuni kwenye rufaa yake leo asome hizo mpya. Vifungu vya Sheria nitakavyovitaja ni vya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Walimu wa shule za serikali wana njia yao, Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mwalimu asichukue anwani za hapa.

Mhusika

Nitamwita Bi. Asha. Alikuwa Msaidizi wa Kumbukumbu, miaka 11 kazini, akihudumu masijala ya wazi. Kwa asiyejua ofisi za serikali, masijala ndipo barua zinapoingilia na kutokea. Ile ya wazi hushughulikia barua za kawaida. Majalada binafsi na mashauri ya nidhamu hukaa masijala ya siri, na wa masijala ya wazi hakanyagi huko. Pale kwetu vyumba hivyo viwili vilikuwa kwenye korido moja, kama hatua thelathini hivi.

Jalada lake binafsi halikuwa na onyo hata moja. Halikuwa na anwani yake ya sasa pia. Alipoajiriwa alijaza sanduku la posta la shule ya msingi alikokuwa akifundisha mjomba wake. Mjomba alistaafu zamani, na anwani ikabaki pale pale.

Mambo yalivyofuatana

Jumapili usiku mama yake alizidiwa. Hospitali ya wilaya ikawaandikia kwenda Dar es Salaam. Jumatatu saa 12 asubuhi Bi. Asha akampigia mkuu wake wa kitengo.

"Shikamoo mkuu. Mama hali mbaya, tumeandikiwa kwenda Dar."

"Marahaba. Nenda mwanangu. Barua ya ruhusa utaleta ukirudi."

Baada ya dakika arobaini hivi, akiwa stendi, alimtumia ujumbe wa WhatsApp: "Mkuu nashukuru kwa ruhusa, tunapanda basi sasa hivi." Mkuu akajibu: "Sawa. Poleni. Mungu awatangulie." Maneno hayo manne ndiyo yaliyokuja kuwa kielelezo chake kikubwa kuliko vyote.

Alikosekana siku 17 za kazi. Aliporudi aliripoti, akampa mkuu wake nakala za karatasi za hospitali, na mkuu akazitia kwenye droo. Hazikupelekwa utumishi, hazikuingia kwenye jalada.

Huku nyuma, siku ya sita ya kutoonekana kwake, afisa utumishi aliandika dokezo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye ndiye mamlaka ya nidhamu ya watumishi wa sekretarieti. Kwa haki afisa huyo hakukosea kuuliza. Kutokuwapo kazini bila ruhusa wala sababu ya msingi kwa zaidi ya siku tano lilikuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, na daftari la mahudhurio lilionyesha nafasi tupu. Ila hakumuuliza mkuu wa kitengo.

Hati ya mashtaka ilisainiwa siku ya tisa baada ya Bi. Asha kurudi. Ikatumwa kwa rejista kwenye lile sanduku la posta la shule. Nimeiona nakala ya daftari la mahudhurio ya siku hiyo: ameandika jina lake, saa 1:22 asubuhi, na saini. Mtu alikuwa korido ile ile, anagonga mihuri barua za wengine, na barua yake inapelekwa posta.

Mwisho wa mwezi mshahara haukuingia. Alikwenda kuuliza, akajibiwa, "Dada, shauri lako lipo kwa mkubwa, subiri." Akasubiri. Hakuuliza ni shauri gani, na hakuandika barua kuuliza.

Kisha ikaja barua ya kufukuzwa kazi, ya tarehe 14 Mei. Ilisema kwamba kwa kuwa hakujibu hati ya mashtaka ndani ya siku 14 alizopewa, mamlaka ya nidhamu imeridhika kuwa amekiri kosa. Kamati ya uchunguzi haikuundwa. Barua hiyo alikabidhiwa mkononi tarehe 11 Juni, yaani siku 28 baada ya kuandikwa.

Wakati wa kuipokea aliambiwa aweke saini tu kwenye daftari, tarehe itajazwa baadaye. Hapo kazi yake ya miaka 11 ilimfaa. Aliandika kwa mkono wake "11/06, saa 4:15 asubuhi", akasaini, akaomba kuupiga picha ukurasa ule. Mikono ilikuwa ikimtetemeka na picha imetoka imepinda, lakini tarehe inasomeka.

Siku 45, na zilivyotumika

Rufaa kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa huenda Tume ya Utumishi wa Umma, kwa kifungu cha 25. Muda ni siku 45, na zinahesabiwa tangu mtumishi alipopokea uamuzi. Ukihesabu tangu 14 Mei, muda unaisha 28 Juni. Ukihesabu tangu 11 Juni, unaisha 26 Julai. Mwezi mzima unategemea mstari mmoja kwenye daftari la kupokelea barua.

Siku ya tatu, ndugu mmoja mwenye nia njema alimwandikia barua kwa Katibu Tawala: "Nakiri nilikosa, nimejifunza, naomba huruma yako kama mzazi." Akaisaini. Haikujibiwa.

Siku ya 12, jirani akamwelekeza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha migogoro ya kazi, ile wengi tunayoiita CMA. Alisikia "tume" akadhani ndiyo hiyo. Alijaza fomu na kusubiri kuitwa hadi siku ya 26. Msuluhishi alimweleza kwa upole kwamba tangu mwaka 2016 Sheria ina kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kukimbilia sheria za kazi. Miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani imeshatamka kwamba CMA haina mamlaka juu ya mashauri ya namna hii. Wakati ule bado kulikuwa na mabishano, na wapo waliopoteza miaka huko.

Siku ya 29 alikuja kwangu. Zilibaki 16.

Tulivyoamua kuandika

Alikuja na rasimu ya kurasa sita za mkono. Nne zilikuwa za ugonjwa wa mama, watoto wanaosoma na mkopo wa benki. Niliisoma yote, na sikuwa na ujasiri wa kuikata mbele yake, kwa hiyo nilimwomba aniambie tena kisa kwa mdomo huku mimi naandika tarehe tu. Kutoka kwenye tarehe hizo ndipo rufaa ilipozaliwa. Ilikuwa na kurasa tatu.

Tulibishana juu ya nini kitangulie. Yeye alitaka ruhusa ya mkuu wake iwe ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimuuma: ameitwa mtoro na hakutoroka. Mimi nilitaka utaratibu utangulie. Kifungu cha 23 kinasema mtumishi hafukuzwi mpaka ameshtakiwa kwa hati, amepewa nafasi ya kutosha kujibu, na uchunguzi umefanyika. Yote matatu yanahitajika. Hapa la kwanza lilifanyika kwa jina tu, la pili halikufanyika, la tatu lilirukwa kwa maelezo kwamba kunyamaza ni kukiri. Hakuwa amenyamaza. Hakujua kama kuna swali. Nilimwambia kwamba hoja ya ruhusa inaweza kupingwa kwa neno la mtu mmoja, lakini hakuna anayeweza kupinga kwamba kamati ya uchunguzi haikuwapo, kwa kuwa taarifa ya kamati haimo kwenye jalada. Akakubali, na hoja zikapangwa hivi: hakukabidhiwa hati ya mashtaka, uchunguzi haukufanyika, alikuwa na ruhusa ya mkuu wake na sababu ya msingi, adhabu ni kubwa kuliko kosa kwa mtu wa miaka 11 asiye na onyo.

Hoja ya kwanza tuliiandika kwa sentensi moja: "Siku hati hiyo ilipotumwa kwa posta, mrufani alikuwa kituoni kwake cha kazi katika jengo hilo hilo, kama daftari la mahudhurio linavyoonyesha." Hatukuongeza kivumishi hata kimoja.

Uamuzi mgumu ulikuwa ile barua ya huruma. Tuifiche au tuiseme? Mjumbe mwenzangu wa tawi alisema tunyamaze, pengine imepotea. Nililala nayo usiku mmoja. Asubuhi tuliamua kuiambatisha sisi wenyewe, na aya moja ya maelezo: iliandikwa baada ya uamuzi, kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya uamuzi, na haisemi popote kwamba aliondoka bila ruhusa. Mwajiri naye aliiambatisha kwenye maelezo yake, kama kielelezo cha kukiri. Kama tungekuwa tumenyamaza, wajumbe wa Tume wangeikuta upande wa pili bila maelezo yetu.

Mkuu wa kitengo nilimfuata mwenyewe, nikamwomba aandike mistari miwili. Alitazama chini. "Katibu, mimi nina watoto. Wakiniita nitasema kweli. Kuandika siandiki." Sikumlazimisha. Kwenye rufaa tuliandika kwamba yeye ndiye shahidi ambaye kamati ya uchunguzi, kama ingekuwapo, ingemwita.

Tuliambatisha barua ya kufukuzwa, picha ya ukurasa wa daftari la kupokelea, nakala za mahudhurio tangu aliporudi, mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapwa yakionyesha namba na saa, fomu ya hospitali, na tiketi za basi za kwenda na kurudi. Rufaa ilitumwa Dodoma kwa Katibu wa Tume siku ya 41, na nakala ikapelekwa kwa mkono ofisi ya Katibu Tawala siku hiyo hiyo. Nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo si adabu tu. Mamlaka ya nidhamu ikishaipata ndipo zinapoanza siku zake 14 za kupeleka maelezo na vielelezo Tume.

Kungoja, na uamuzi

Siku 14 zilipita bila jibu la mwajiri. Kila mwezi Bi. Asha aliandika barua fupi Tume, nakala kwa mwajiri, akikumbusha. Maelezo ya mwajiri yalikwenda mwezi wa nne tangu rufaa ipelekwe. Wakati huo alikuwa anauza vitenge kwa mkopo kwa wenzake wale wale wa ofisini, nje ya geti, maana ndani aliona aibu kuingia.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi kumi. Alinipigia akilia. Barua ilisema rufaa "imekubaliwa kwa masharti" na yeye alisoma neno la mwisho tu.

Tume inaweza kukubali rufaa moja kwa moja, kuikataa, au kuibadilisha adhabu. Inaweza pia kuikubali kwa masharti, na hapo maana yake ni kwamba uamuzi wa kumfukuza umetenguliwa kwa kuwa utaratibu ulikiukwa, na mamlaka ya nidhamu inaelekezwa ianze shauri upya, safari hii kwa kufuata Sheria. Kwa hiyo Bi. Asha alikuwa mtumishi tena, lakini mashtaka yalikuwa bado hai. Nilimweleza hivyo kwenye simu, polepole, mara mbili.

Upande wowote usioridhika na Tume ungeweza kwenda kwa Rais, ambaye uamuzi wake ni wa mwisho katika ngazi hizi. Baada ya hapo mlango unaobaki ni Mahakama Kuu, kuomba mapitio ya uamuzi, na kibali cha kufungua maombi hayo huombwa ndani ya miezi sita. Hakuna aliyekwenda huko. Mwajiri alianza upya.

Mara ya pili hati ilikabidhiwa mkononi, kutoka masijala ya siri hadi masijala ya wazi. Alijibu siku ya tisa. Kamati ya watu watatu ilikaa, ikamwita mkuu wa kitengo, na mkuu akasema kweli kama alivyoahidi: alimruhusu kwa simu, na karatasi za hospitali alizisahau kwenye droo. Kamati ikaona kwamba sababu ya msingi ilikuwapo, lakini ruhusa ya maandishi haikuombwa hata baada ya kurudi. Adhabu ikawa karipio. Alifikiria kulikatia rufaa. Tulikaa tukasoma taarifa ya kamati, na yeye mwenyewe akasema, "Hapa wamenisikiliza." Akaliacha.

Kilichofaulu na kilichokwama

Kilichookoa shauri hili zaidi ya chochote ni ile tarehe aliyoiandika kwa mkono wake. Mwajiri alidai kwenye maelezo yake kwamba rufaa imeletwa nje ya muda, akihesabu tangu 14 Mei. Kama ukurasa ule ungekuwa na saini bila tarehe, tungebishana na ofisi kuhusu daftari la ofisi. Kinachofuata ni mpangilio wa hoja. Sina shaka kwamba kuanza na utaratibu ndiko kulikomsaidia, ingawa naelewa kwa nini kwake ilionekana kama tunakwepa ukweli wa moyoni mwake.

Barua ya huruma ilikuwa hatari, na hatari hiyo imo kwenye malezi yetu. Tumefundishwa kwamba mkubwa akikasirika unamwomba radhi kwanza, mengine baadaye. Nyumbani ni jambo jema. Kwenye shauri la nidhamu, karatasi yenye neno "nakiri" haijui kama uliiandika kwa adabu au kwa kukubali kosa. Tangu kisa hiki, mwanachama akinijia na barua ya kufukuzwa, swali langu la kwanza ni kama ameshaandika chochote kwa yeyote.

Mwajiri alishindwa na kitu kidogo. Angekuwa na shauri la haki kabisa kama angetembea zile hatua thelathini: mtu amekosekana siku 17, hana karatasi ya ruhusa, ajieleze. Badala yake alifuata anwani kwenye jalada akaona amemaliza wajibu. Miezi yote ile ofisi ilikaa bila mtu wa masijala, na mwishoni ikabidi kufanya kile ambacho kingechukua wiki chache mwanzoni.

Kosa langu lipo pia. Mwishoni mwa rufaa tuliomba "arejeshwe kazini na kulipwa stahili zake tangu alipofukuzwa". Mshahara wake ulikuwa umezuiwa kabla ya kufukuzwa, mara tu dokezo la utoro lilipopanda. Miezi hiyo hatukuitaja. Malimbikizo ya baada ya kufukuzwa yalilipwa. Ya kabla yake yalizunguka mezani kwa mwaka mmoja na zaidi, kila ofisi ikisema hayamo kwenye uamuzi, mpaka tulipoyafungulia dai la peke yake. Ningeandika mstari mmoja zaidi, ungemwondolea mwaka wa kupanda ngazi. Nilimwomba radhi, naye alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Namna jalada lake lilivyokaa ni fundisho kubwa kwangu. Mtu aliyetunza majalada ya mkoa mzima hakuwahi kuomba kuona anwani iliyomo kwenye lake. Tawini tuliwaomba wanachama wote wajaze upya taarifa zao, na zaidi ya nusu walibadilisha sanduku la posta au namba ya simu.

Mama yake Bi. Asha bado anahudhuria kliniki Dar es Salaam. Mara ya mwisho nilimkuta masijala akijaza fomu ya ruhusa ya siku tatu, nakala mbili. Alikwenda nazo kwa mkuu wa kitengo, yule yule, akasimama mlangoni mpaka zote mbili zikasainiwa. Moja akaipeleka utumishi, akaandikisha kwenye daftari. Ya pili aliikunja mara nne, akaitia kwenye pochi pamoja na tiketi ya basi.